Banda kwanza, makasi baadaye

Kuku wa mjini ana majirani. Ndugu zangu walio Kwale wakisikia ninavyohangaika na kuku kuruka ukuta huniuliza: kwani wakiruka kuna nini, si jioni watarudi? Kwao kuku akitoka uani anaingia chini ya mikorosho, anaparua majani, anaokota mchwa, na jua likizama yupo mlangoni. Kwangu mimi hapa Likoni, kuku akivuka ukuta ameingia kwa mtu. Upande wa kulia anakaa mama mtu mzima apikaye mahamri na mbaazi za asubuhi. Mahamri aliyokwisha kuyakata huyapanga kwenye sinia barazani yaumuke, yamefunikwa kitambaa cheupe. Nyuma yangu kuna kijana aliyepanda mchicha na mnavu kwenye magunia, huuza fungu kwa fungu. Kuku mmoja akipata nusu saa kwenye magunia yale, jasho la wiki kadhaa limekwisha.

Mama wa mahamri hajawahi kunigombeza hata siku moja. Hubisha hodi ukutani tu na kusema, "Mwanangu, yule mwekundu wako yuko kwangu tena, mtume mtoto aje amchukue." Nami humjibu, "Naja, mamangu, niwie radhi." Upole ule ndio ulionikaa moyoni. Mtu anayeamka saa tisa usiku kutafuta riziki yake hastahili kuchunga kuku wangu. Kwa hivyo nilipoanza kupunguza mbawa nilifanya kwa ajili ya ujirani, na bado naamini hiyo ndiyo sababu njema kuliko zote za kushika makasi.

Lakini sikati za kuku wote. Wale wazito wa kisasa, wanaouzwa vifaranga kwa mamia, wakishakua hawainuki hata kwenye kiti. Kidimu wangu, yule mwenye manyoya yaliyojikunja kuelekea mbele, naye hana la kurukia. Manyoya yake hayashiki hewa. Wanaonisumbua ni hawa wa kienyeji wembamba, hasa mitetea michanga inayokaribia kutaga, na kuchi. Kuchi ni fahari ya pwani, mrefu wa miguu na shingo, na watu huku wanamthamini sana jogoo wake. Ni mzito, ndiyo, lakini ile miguu humpa nusu ya safari kabla bawa halijafunguka.

Kabla ya kumlaumu kuku ni vizuri kujua ametoka wapi. Asili yake ni kuku mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, ndege aparuaye chini mchana kutwa na kulala juu ya mti usiku. Tabia hiyo hajaiacha. Mwangalie saa kumi na mbili jioni: anasimama, anarefusha shingo, anapindisha kichwa apime kwa jicho moja, anachutama kidogo, kisha anafyatuka. Anatafuta pa kulala pa juu. Kwenda mbali hawezi, na sababu yake tunaila kila tunapokula kidari. Nyama ile nyeupe ni misuli ya nguvu ya ghafla, inayolipuka mara moja na kuchoka mara moja. Bata mwitu wanaosafiri masafa marefu wana kidari chekundu, chenye damu nyingi, kwa sababu wao hupiga mbawa kwa saa nyingi. Kuku anaweza kupanda, basi. Urefu wa mtu mmoja unamtosha: atue juu ya ukuta, apumue, achague upande wa kushukia. Nilipolielewa hilo nikajua kwamba kazi yangu ni kumzuia asifike juu ya ukuta tu. Sikuhitaji kumzuia kuruka kabisa.

Na hapo ndipo bawa moja linapotosha.

Ukilikunjua bawa la kuku taratibu utaona makundi mawili ya manyoya marefu. Ya nje, yaliyoota kwenye ncha ya bawa, kwa kawaida ni 10, magumu na marefu. Hayo ndiyo yanayomsukuma juu na mbele. Ya ndani, karibu na mwili, ni mapana na laini zaidi. Kati ya makundi hayo kuna nyoya moja fupi kuliko wenzake. Hilo ndilo mpaka, na likikupotea simama kwanza ulitafute. Unakata yale ya nje peke yake. Ya ndani yaache kabisa, maana ndiyo yanayofunika mgongo mvua ikinyesha, na ndiyo mama anayowafunikia watoto wake. Nimewahi kuona kuku wa watu wamekatwa bawa zima mpaka kwenye kwapa, wanatembea upande mmoja uko uchi, na mvua ya Mei ikawakuta hivyo hivyo. Hilo ni kumtesa kiumbe bila faida yoyote, kwa sababu yale manyoya ya ndani hayakuwa yakimvusha ukuta.

Tena ni bawa moja, la kulia au la kushoto, yoyote sawa. Ukikata yote mawili kwa usawa umempunguzia nguvu lakini umemwachia mizani, na kuku mwepesi ataongeza bidii na kufika. Ukikata moja, kila akipiga mbawa upande mmoja unainuka na mwingine unabaki. Anazunguka, anatua palepale alipokuwa. Akijaribu kidogo anaelewa na kuacha.

Sasa kazi yenyewe. Kuku haoni vizuri gizani, kwa hiyo namchukua baada ya Maghrib akiwa juu ya kijiti chake, bila kukimbizana. Kukimbiza kuku mchana kwenye jua la Mombasa ni kumwua kwa joto. Hatoki jasho, hupoa kwa kuhema mdomo wazi, na akishahema hivyo huku umemshika yuko taabuni. Namlaza kwenye tenga hadi asubuhi, kwa sababu kukata kunataka mwanga wa kutosha. Tochi hainionyeshi ninachohitaji kukiona, na nitakueleza ni kitu gani.

Mshikaji ni binti yangu. Amejifunza kumkumbatia kuku ubavuni, bawa la upande wa pili limelala mwilini, miguu ikiwa katikati ya vidole vyake, na kumfunika macho kwa leso kuukuu. Akifunikwa macho hutulia mara moja. Jambo moja huwa namkumbusha kila mara: asimbane kifua. Kuku hana kiwambo kama chetu chini ya mapafu. Hupumua kwa mfupa wa kidari kupanda na kushuka. Ukimkaza kifuani kwa kuogopa atoroke, umemziba pumzi. Ndiyo maana pia huniuma nikiona kuku wamefungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda, kutoka soko la Kongowea hadi wafike waendako. Matumbo yote yanalalia mapafu. Nikinunua kuku sokoni naja na kapu langu.

Binti akishamtuliza, mimi nalifungua bawa kwa mkono wa kushoto, nalielekeza kwenye mwanga, naliangalia kwa upande wa chini. Hiki ndicho kitu ninachokitakia asubuhi: rangi ya mashina. Nyoya lililokomaa shina lake ni jeupe, kavu, tupu ndani. Ni kama ukucha. Ukilikata hakuna damu wala maumivu. Nyoya linaloota bado shina lake ni nene, laini, lina rangi ya samawati iliyoiva au wekundu, na chini yake limevikwa ala nyembamba. Lile lina damu inayotembea. Usiliguse. Kama manyoya kadhaa yako hivyo, mrudishe kuku bandani, ungoje wiki chache yakomae. Unyoya mmoja mrefu wa bawa huchukua wiki sita hivi kukamilika.

Natumia makasi ya kushonea, makali, yaliyofutwa kwa spiriti. Makasi butu huponda shina na kulipasua, na mapasuko yale humkera kuku akijisafisha. Nakata moja moja, usawa wa ncha za yale manyoya mafupi yanayofunika mizizi. Kuteremka zaidi ya hapo sioni haja. Wengine huacha manyoya mawili ya mwisho kabisa ya nje ili bawa likikunjwa lionekane zima, na sioni ubaya wowote. Nami hufanya hivyo kwa jogoo, kwa sababu mwendo wa jogoo ni heshima yake. Isitoshe, jogoo hutumia mbawa kujiweka sawa anapompanda mtetea, na akikatwa sana huteleza, humkwaruza mwenzake mgongo kwa makucha. Kama jogoo wako harukii kwa watu, mwache.

Ikitokea damu, usifadhaike na usimwachie kuku. Bana pale kwa kitambaa safi, kisha paka unga wa ngano au konflawa, endelea kubana mpaka ikatike. Mtenge na wenzake hadi pakauke vizuri. Kuku wakiona chekundu hudonoa, na wakianza kumdonoa mwenzao hawajui kuacha. Damu ikikataa kukatika, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Yapo mambo mengine watu hufanya kuzuia kuku kuruka, na ningependa yaachwe. Moja ni kunyofoa manyoya badala ya kuyakata. Yanauma, maana mzizi wa nyoya umeshikwa na nyama hai. Tena hayafai hata kwa lengo lenyewe: nyoya lililong'olewa huanza kuota upya palepale, na baada ya wiki chache kuku yuko juu ya ukuta. Lililokatwa hubaki kisiki hadi kuku anyonyoke kwa wakati wake, yaani amwage manyoya ya zamani na kuota mapya, kwa kawaida mara moja kwa mwaka kwa kuku mzima. Jingine ni kumfunga kamba mguuni kwenye kigingi. Nimezikuta kamba zimezama kwenye ngozi, mguu umevimba, na mwenyewe anasema kuku wake "amevimba tu". Kuku aliyefungwa pia hana pa kukimbilia mbwa akija. La mwisho, nalo ni baya kuliko yote, ni kukata kiungo chenyewe cha ncha ya bawa ili manyoya yasiote tena maisha. Hicho ni kiungo, kina mfupa na mishipa. Hakuna ukuta wala mchicha unaostahili hilo.

Kuna mzee wa mtaa wetu, mtu wa msikitini na wa maneno machache, aliyepita akatukuta uani siku ya kukata. Akasimama kizingitini, akasema, "Binti yangu, Mola amempa mbawa, wewe unampunguzia?" Nililichukua swali lake kwa uzito, na bado ninalo. Nilimwambia, "Baba, nampunguzia kwa muda, na yataota. Lakini nisipompunguzia, haki ya jirani itapotea kwa mikono yangu." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza la maana zaidi: "Na adui akija, ataruka na nini?"

Hapo ndipo penye kiini cha yote ninayoandika leo. Mbawa za kuku ndizo silaha yake ya kwanza. Ukizipunguza, deni la ulinzi limehamia kwako. Huku kwetu maadui ni wengi: paka wa mitaani, mbwa wanaozurura usiku, nguchiro wanaotoka kwenye vichaka, mwewe, na kunguru. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Asili yao ni Bara Hindi, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na hapa Mombasa walianza kuonekana 1947. Sasa wametapakaa kila jaa na kila mwembe. Mwaka 2024 shirika la wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza milioni moja kufikia mwisho wa mwaka. Mimi uani kwangu bado nawaona, wawili wawili juu ya mlingoti wa antena, wakingoja mama wa vifaranga ageuze shingo. Kuku mzima hawamwezi. Vifaranga na mayai ndiyo chakula chao.

Kwa hiyo kuku mwenye vifaranga simkati, hata kama ndiye mrukaji mkubwa kuliko wote. Nimemwona kuchi wangu akimrukia kunguru angani, mbawa zote mbili wazi, kucha mbele, akamwangusha manyoya. Nani angetaka kumpokonya mama nguvu hiyo? Tena akiwa na watoto haruki ukuta hata kidogo. Watoto hawawezi kumfuata, naye hawaachi. Makasi yanamngoja mpaka awatenge.

Kwa wale ninaowakata, banda lilitangulia. Ni la mbao na mabati, limeinuliwa juu ya mawe, waya wenye matundu madogo upande wa upepo, mlango wa komeo. Kila jioni wanahesabiwa na komeo linafungwa kabla sijakaa kula. Sehemu ya uani wanayoshinda nimeitandazia juu nyavu kuukuu nilizonunua kwa wavuvi. Zimechoka kuvua lakini zinamtosha kunguru na mwewe. Nimezivuta zikakaza, kwa sababu wavu uliolegea hunasa miguu. Vijiti vya kulalia nimeviteremsha hadi usawa wa goti. Kuku aliyekatwa hushuka kwa kishindo, hana la kupunguzia kasi, na akishuka kutoka juu kila siku nyayo huchubuka chini, huingia uchafu, huota kidonda kigumu chenye usaha kinachochukua muda mrefu kupona. Kijiti cha chini na ubao mwembamba wa kupandia vinamaliza tatizo hilo.

Ukuta nao nilikuwa na la kuufanyia. Kuku haruki ovyo. Huchagua mahali pa kutua. Kilele cha mawe, kipana, kilichonyooka, ni mwaliko. Nimesimamisha vipande vya wavu juu yake, vimefungwa kwenye fito na kuachwa wazi juu bila ubao wa kukamata. Anautazama, haoni pa kuweka mguu, anaahirisha. Na nimeondoa kila kitu kilichokuwa karibu: pipa, mbuzi ya kukunia nazi, ile ngazi fupi, gogo la mnazi. Kuku mwenye bawa moja bado ana miguu miwili, na akipata ngazi ya vitu vitatu atapanda kitu kwa kitu hadi juu bila kupiga bawa.

Mitetea michanga naomba mtu asiiharakishie. Kabla ya miezi mitano hivi hubadilisha manyoya mara kwa mara wakikua. Utakata leo na baada ya muda mfupi yameota mapya. Kwa wakubwa, nimezoea kufungua bawa la kila mmoja nikiwapa chanjo ya Newcastle, ule ugonjwa wa mdondo, ambayo hairuhusiwi kusahauliwa kwa hali yoyote, ukikata mbawa au usikate. Nikikuta manyoya yanaota, nangoja yakomae, narudia upande ule ule. Kipindi cha kunyonyoka huwaongezea dagaa kwenye chakula, kwani nyoya karibu lote ni protini, na mayai yakipungua siku hizo sisemi kitu.

Mwekundu wangu hajavuka tangu alipokatwa. Mama wa mahamri alinipelekea sahani ya mbaazi na mahamri manne, nami nikamrudishia sahani na mayai ndani, maana huku kwetu sahani hairudi tupu. Kijana wa mchicha ananiachia majani yaliyotobolewa na wadudu, nayo huishia bandani.

Juzi dada mmoja wa nyumba ya nne alinijia na mitetea yake miwili kwenye kapu, akaniomba nimkatie kwa sababu wamekuwa wakilala juu ya mwarobaini wa msikiti na kuchafua mahali pa kutawadhia. Nikamwuliza, "Dada, wakishindwa kufika mwarobaini watalala wapi?" Akasema chini ya meza ya jikoni, nje. Nikamrudishia kapu lake na kuku wake na mbawa zao. Nimempa mabati mawili yaliyonibakia, na mume wangu Jumamosi ataenda kumsaidia kupigilia. Banda likisimama na komeo likafunga, nitakwenda mwenyewe na makasi yangu.